Kasanga: Bandari Iliyongoja Njia Yake

Ndugu msomaji, kama umepata kuishi Sumbawanga, hapana shaka unaujua upepo wa Katandala. Huvuma tangu alfajiri, ukapenya chini ya mlango, ukakufanya uyashike magoti yako mwenyewe. Ilikuwa asubuhi ya upepo wa namna hiyo, mwishoni mwa Septemba, nilipokuwa nimeketi sebuleni kwa shangazi yangu katika mtaa huo wa Katandala, nikinywa uji wa ulezi na kuitazama kalenda iliyotundikwa ukutani.

Kalenda ile ilimaliza siku zake miaka mingi iliyopita. Shangazi hajaitoa kwa sababu ya picha yake. Inaonyesha mji wa ng'ambo: nyumba ndefu za rangi ya maziwa na ya udongo mwekundu zimepangana bega kwa bega, na mahali ambapo sisi tungetazamia kuona barabara, yako maji. Mashua za uvuvi zimefungwa mbele ya milango kama baiskeli zinavyoegemezwa mbele ya maduka yetu. Chini ya picha limeandikwa neno moja: Sète.

"Mwanangu," shangazi aliniuliza, "hawa watu walijengewa mji majini, au maji yaliwafuata?"

Nilimjibu kwamba maji hayo yalichimbwa. Mji huo uko Ufaransa, kusini, pwani ya Bahari ya Kati, na mitaa yake ya maji ni mifereji iliyofanywa kwa mikono ya watu. Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya:

"Basi wao walijichimbia barabara ya maji. Sisi tulikuwa na maji tangu kuumbwa, tukakosa barabara."

Alikuwa akiizungumzia Kasanga. Kwa miaka zaidi ya ishirini shangazi yangu aliteremka Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kununua dagaa na migebuka na kuwapandisha Sumbawanga kuwauza. Alikuwa hajafika huko tangu alipoiacha biashara hiyo. Nikamwambia, "Shangazi, kesho twende." Nami nakuomba nawe, ndugu msomaji, uandamane nasi. Lakini kabla ya kupanda gari, tuutazame kwanza ule mji wa kwenye kalenda, kwani una jambo la kutufundisha.

MJI ULIOZALIWA NA MFEREJI

Sète umesimama mahali pa ajabu. Mbele yake iko bahari. Nyuma yake liko ziwa la maji ya chumvi liitwalo Thau, lililotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Na katikati umeinuka mlima mmoja mdogo, Saint-Clair, wenye kimo cha kiasi cha meta 180. Zamani hapakuwa na mji wowote wa maana hapo. Palikuwa na mlima, mchanga na wavuvi wachache.

Mji ulizaliwa kwa sababu ya safari ndefu. Katika karne ya 17, mfanyabiashara wa Ufaransa aliyetaka kupeleka mali kutoka Bahari ya Kati hadi bahari kuu ya Atlantiki alilazimika kuizunguka Hispania yote kwa meli, katikati ya dhoruba na maharamia. Mtu mmoja aitwaye Pierre-Paul Riquet, aliyekuwa mtoza kodi ya chumvi, akaja na shauri la kuchimba mfereji utakaokata nchi kavu, kutoka ziwa hilo la Thau hadi mji wa Toulouse. Kutoka Toulouse, mto Garonne ungezichukua mashua hadi Atlantiki. Mfalme Louis wa 14 akakubali mwaka 1666, na mwaka huo huo, tarehe 29 Julai, jiwe la kwanza la ukuta wa bandari likawekwa chini ya mlima Saint-Clair. Hiyo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Sète.

Mfereji wenyewe una urefu wa kilometa 240. Ugumu wake haukuwa urefu tu. Katikati ya njia nchi inapanda hadi kiasi cha meta 190 juu ya bahari, na kila mtu anajua kwamba maji hayapandi mlima. Riquet alifanya mambo mawili. Kwanza, aliyakusanya maji ya vijito vya milimani katika bwawa kubwa, akayaongoza hadi kwenye kilele cha njia ili yatiririke pande zote mbili. Pili, alijenga vyumba vya mawe vyenye malango mazito. Mashua huingia chumbani, lango la nyuma hufungwa, maji hutiwa polepole, nayo mashua huinuka kama kibuyu kinavyoinuka ndani ya pipa linalojazwa. Kisha lango la mbele hufunguliwa na mashua huendelea na safari katika kimo kipya. Hivyo mashua zilipanda kilima ngazi kwa ngazi, zikashuka upande wa pili.

Maelfu ya vibarua walichimba, wanaume kwa wanawake. Riquet alitumia mali yake mwenyewe hadi akaingia madeni. Alifariki Oktoba 1680, na mfereji ukafunguliwa Mei 1681. Hakuiona hata mashua moja ikipita toka mwanzo hadi mwisho.

Tangu hapo Sète ikaneemeka. Wavuvi wa Kiitaliano walihamia huko na upishi wao, ndiyo maana chakula kinachosifika mjini hapo ni mkate wa duara uliojazwa pweza na nyanya. Katika ziwa la Thau hufugwa chaza, na kwenye gati hushushwa jodari. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, watu hujipanga kando ya mfereji mkuu kutazama mchezo ulioanza siku ile ile ya mwaka 1666: mashua mbili za makasia, moja nyekundu na moja ya buluu, hukimbizana uso kwa uso, na juu ya kila moja amesimama shujaa mwenye ngao na mti mrefu. Wanapokutana, mmoja husukumwa akaanguka majini, na mji mzima hupiga kelele.

Lakini shika neno hili, msomaji, tutalihitaji baadaye. Mwaka 1857 reli ya kutoka Bordeaux ilifika Sète, na mwaka uliofuata mfereji ukakodishwa kwa kampuni hiyo hiyo ya reli. Ni kama fisi kukabidhiwa mbuzi. Shehena zilihamia kwenye reli, baadaye kwenye malori. Siku hizi mfereji wa Riquet unabeba watalii. Mji haukufa, kwa kuwa ulikuwa umejifunza kazi nyingine: kuvua, kufuga chaza, kupokea wageni. Mji ulioitegemea njia peke yake ungalikuwa gofu.

KUTEREMKA KUTOKA UFIPA

Tuliondoka Katandala saa kumi na mbili za asubuhi. Kutoka Sumbawanga hadi bandari ya Kasanga ni kilometa 112, kwa njia ya Matai. Sumbawanga iko juu sana, kiasi cha meta 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini, kwenye meta 770 hivi. Basi linganisha mwenyewe: mashua za Riquet zilipanda meta 190 katika safari yake yote, hali gunia la dagaa wa Kasanga hulazimika kupanda zaidi ya meta 1,000.

Mwanzoni nchi ni wazi, ya nyasi, imelala kama mkeka. Mahindi yalikwisha kuvunwa. Hapa na pale tuliona matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita intumba. Nyasi hufukiwa ndani ya udongo mwishoni mwa mvua, zikaoza, zikawa mbolea, na msimu unaofuata tuta hutawanywa na kupandwa. Ni maarifa ya kale ya watu wasiokuwa na msitu wa kuchoma. Wafipa hao hao waliyeyusha chuma katika tanuru za udongo zenye kimo cha kumpita mtu mrefu, na mabaki ya baadhi ya tanuru hizo bado yanaonekana.

Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo iliyoanzishwa mwaka 2012, tulinywa chai. Baada ya hapo nchi ilianza kuvunjika. Miti ya miombo ilitusogelea pande zote mbili, hewa ikapata joto, na shangazi akavua koti. Ndipo alipoanza kuhesabu. Kila kona ya mteremko ilikuwa na kisa chake.

"Hapa tulilala chini ya lori siku mbili. Hapa tulisukuma, mvua inatunyeshea, dereva anatuambia tushuke tena. Pale, penye ule mti, ndipo ilipokwisha biashara yangu ya mwaka ule."

Kisa cha penye ule mti nakifahamu vizuri, kwa kuwa kilinihusu. Ilikuwa msimu wa mvua, nami nilikuwa nimechaguliwa kuingia chuo cha uandishi wa habari. Shangazi alichukua akiba yake yote akanunua magunia ya dagaa, akitumaini kwamba faida ingelipa ada yangu. Lori lilizama matopeni usiku. Kwa siku tatu halikutoka. Turubai lilikuwa na matundu, nawe unajua, msomaji, dagaa mkavu akishalowa: siku ya kwanza hulainika, siku ya pili hunuka, siku ya tatu hana mnunuzi. Shangazi alirudi Katandala na magunia mawili yaliyosalimika. Nilingoja mwaka mzima kabla ya kuanza masomo. Hakunieleza sababu mpaka nilipohitimu.

Siku ile tulipita penye ule mti kwa lami, bila hata dereva kupunguza mwendo. Shangazi aligeuka, akautazama mpaka ulipopotea nyuma yetu. Hakusema neno.

MELI ZILIZOTEMBEA NCHI KAVU

Ziwa halijitokezi polepole. Unazunguka kona, na ghafla liko pale chini, la buluu, halina mwisho. Urefu wake ni karibu kilometa 670, na kina chake hufika meta 1,470; ulimwenguni kote ni ziwa Baikal la Urusi tu linalolipita kwa kina. Nchi nne zinakunywa maji yake: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. David Livingstone alipofika sehemu hii ya kusini mwaka 1867, jina aliloambiwa na wenyeji lilikuwa Liemba. Kwa hiyo meli mashuhuri ya Liemba inabeba jina la huku kwetu.

Kasanga yenyewe ni mji mdogo uliokaa kwenye ghuba tulivu. Wajerumani waliona uzuri wa ghuba hiyo mwishoni mwa karne ya 19, wakajenga boma kwenye rasi na kupaita Bismarckburg, kwa jina la waziri mkuu wao wa zamani. Magofu ya boma bado yapo, yamezungukwa na majani, yakilitazama ziwa.

Nilipokuwa nimesimama hapo nilimkumbuka Riquet. Yeye alitafuta jinsi ya kuivusha mashua juu ya nchi kavu kwa maji. Katika ziwa letu watu walifanya kazi hiyo hiyo bila maji, kwa mabega. Meli ya kwanza ya mvuke, Good News, ya wamisionari wa London, ilikuja vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire na kupitia ziwa Nyasa. Kutoka hapo vipande vilivushwa nchi kavu hadi ncha ya kusini ya Tanganyika, ikaelea mwaka 1885. Mwaka 1900 ikafuata Hedwig von Wissmann ya Wajerumani, nayo ililetwa vipande vipande. Majina ya wapagazi waliozibeba hayakuandikwa juu ya ubavu wa meli yoyote.

Kisha ikaja kubwa kuliko zote. Ilijengwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani. Papenburg nao ni mji wa mifereji, uliochimbwa ndani ya kinamasi tangu karne ya 17. Meli hiyo, iliyopewa jina la Graf von Götzen, ilifunguliwa ikawekwa ndani ya masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa treni hadi Kigoma. Iliteremshwa majini Februari 1915.

Vita ilikuwa imekwisha kuwaka. Waingereza, wasiokuwa na meli ya kivita ziwani, walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Afrika Kusini, kwa reli hadi Kongo, halafu kwa kukokotwa na mashine za mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba. Waingereza waliizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Mwezi wa Juni mwaka huo majeshi ya Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini yaliizingira Bismarckburg, lakini askari wa Kijerumani walitoroka kwa mashua gizani. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen karibu na Kigoma, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito zisiote kutu. Ujanja huo ulifaa. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya la Liemba.

Kwa miongo mingi Liemba ilikwenda Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na kurudi. Katika vijiji vingi vya njiani haikuwa na mahali pa kutia nanga gatini. Abiria, mbuzi na magunia vilipandishwa kutoka kwenye mitumbwi katikati ya maji. Kasanga ilikuwa miongoni mwa bandari chache zenye gati. Katika miaka ya karibuni meli hiyo ilisimamishwa kwa matengenezo makubwa, baada ya kuitumikia karne.

MANENO YA MZEE WA GATINI

Chini ya mwembe karibu na bandari tulimkuta mzee akishona wavu. Shangazi alimfahamu, alikuwa mchukuzi wa mizigo gatini tangu ujana wake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akamtazama shangazi kwa muda mrefu na kucheka. "Mama Katandala! Nilidhani umekwisha kutusahau."

Nilimwuliza hali ya bandari. Alinionyesha kwa sindano ya wavu. Malori yalikuwa yamepangana yakiwa na saruji kutoka Mbeya, yakisubiri kupakuliwa. Saruji hiyo huvuka ziwa kwenda Kongo, ambako ni vigumu kuipata kwa njia nyingine. Ndiyo kazi kubwa ya Kasanga siku hizi.

"Zamani," alisema, "bandari hii ilikuwa kama kisima kisichokuwa na kamba. Maji unayaona, kunywa huwezi. Meli inaleta mali, mali inalala hapa wiki nzima ikingoja lori. Sasa kamba tumeipata, tunashukuru. Lakini, mwanangu, kamba ikishafika, kila mwenye ndoo kubwa huja kuteka."

Nilimwomba afafanue. Akasema malori makubwa huja usiku, hununua dagaa wa mwalo mzima kwa mkupuo mmoja, na asubuhi yamekwisha kufika mbali. Akina mama wadogo wa ndoo mbili na gunia moja, waliokuwa wakivumilia matope, hawana tena nafasi kwa bei hiyo. "Matope yalikuwa adui yao," alisema, "lakini yalikuwa yanamfukuza na tajiri."

Ndugu msomaji, neno hilo halikunipendeza, kwa kuwa nilikuja Kasanga kuisifu barabara. Hata hivyo sikuweza kulikanusha. Shangazi aliyekaa kando yangu alitikisa kichwa kuafiki.

Mzee alitaja mambo mengine mawili. La kwanza ni samaki wenyewe. Ziwa lilipokuwa likivuliwa bila kupumzika, dagaa na migebuka walipungua. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. "Miezi ile ilikuwa mirefu," alisema mzee. "Lakini shamba nalo hulazwa, likarudisha nguvu."

La pili ni maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Katika karne ya 19 mlango huo ulizibwa na matope na magugu, ziwa likajaa. Kisha kizuizi kikapasuka na maji yakashuka kwa meta nyingi. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore aliukuta mto huo ukitoka ziwani kwa nguvu. Katika miaka yetu, hasa tangu mwaka 2020, mvua nyingi zimelipandisha tena ziwa, na nyumba na gati za mwambao zimeingiliwa na maji kutoka Bujumbura hadi Kigoma na Kalemie. Mji wa ziwani hauna budi kujenga ukikumbuka kwamba ufuko hausimami mahali pamoja.

Hilo si jambo geni pande hizi. Kilometa chache kusini, mto Kalambo unaanguka zaidi ya meta 200 kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia kabla ya kuingia ziwani. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, wataalamu walitangaza mwaka 2023 kwamba wameona magogo mawili yaliyochongwa na kushikanishwa na watu wa kale, miaka 476,000 iliyopita. Yamkini yalikuwa jukwaa au njia ya kupitia juu ya matope. Kwa hiyo tatizo la shangazi yangu la kuvuka matope ni la zamani kuliko taifa lolote, na dawa yake ni ile ile: kuunganisha kipande na kipande mpaka mtu apite.

DEBE LA DAGAA

Saa nane mchana shangazi alisimama, akafunga kitenge vizuri, akaenda mwaloni. Nilimfuata kwa mbali. Alichukua dagaa kiganjani, akawavunja, akanusa, akabishana juu ya bei kama aliyeondoka jana. Alinunua debe moja. Akina mama wanne wa hapo walimzunguka, wakamweleza jinsi walivyoanza kuchanga fedha ili wanunue pamoja mzigo mkubwa na kukodi lori lao wenyewe, badala ya kila mmoja kubaki na ndoo yake. Bado hawajafika mbali. Mmoja ana mgonjwa, mwingine amedaiwa. Shangazi aliwasikiliza, kisha akawauliza swali moja tu: "Sumbawanga mna mtu wa kuupokea?"

Hawakuwa naye.

Ndipo nilipoyakumbuka tena yale ya Sète. Mfereji uliujenga mji ule, lakini haukuulinda. Mji ulijilinda wenyewe, kwa kuwa watu wake hawakuridhika kutazama mashua zikipita. Walivua, walipika, walifuga chaza, waliuza. Barabara ya Kasanga nayo imefika. Itapitisha saruji ya Mbeya na dagaa wa ziwani kwa miaka mingi, ikitunzwa. Na siku moja huenda njia nyingine ikaipokonya kazi, kama reli ilivyoupokonya mfereji. Kabla ya siku hiyo, ni lazima Kasanga iwe na kitu chake cha kushika: ghala la barafu, chanja bora za kukaushia, umoja wa akina mama wenye mtu wa kuwapokea mjini. Mambo hayo hayahitaji mfalme. Yanahitaji watu wanaoaminiana, na viongozi watakaowatazama wenye ndoo ndogo kabla ya wenye malori.

Tuliondoka saa tisa. Shangazi alilishika debe lake mapajani, akakataa nilipotaka kuliweka nyuma ya gari. Penye ule mti wa mteremkoni alimwomba dereva asimame. Alishuka, akatembea hatua chache kando ya lami, akapiga ardhi kwa kisigino mara mbili, kama mtu anayepima kama ukuta umekauka. Kisha akarudi garini.

Jua lilikuwa halijazama tulipoingia Katandala. Usiku ule majirani watatu walipelekewa dagaa, nasi tulikula ugali wa moto na dagaa waliokuwa ziwani siku mbili zilizopita. Wakati wa kuosha vyombo shangazi aliniita jikoni.

"Wale akina mama," alisema, "nimewapa namba yangu ya simu. Mimi siwezi tena kuteremka kila wiki. Lakini kupokea mzigo hapa Sumbawanga, na kuuza, hilo bado naliweza."

Kalenda ya Sète bado iko ukutani, ndugu msomaji. Siku utakayopita Sumbawanga, usigeuzie hapo. Kata shauri, uteremke hadi Kasanga. Ukimwona mama amesimama kando ya lami na debe lake, na gari lako lina nafasi, simama umchukue.